Siku kumi na tano Japani: keshi, kadi ya treni na laini ya nyumbani

Ukinunua gari lililotoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, kuna sauti ya mwanamke utakayoizoea. Ukiwasha injini tu, anasema maneno machache ya Kijapani kwa adabu, kisha ananyamaza. Wengi hudhani anatukaribisha. Kumbe anazungumzia malipo. Anasema kadi ya ETC haijawekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani: unachomeka kadi kwenye kifaa kilichomo garini, unapita kizuizini polepole bila kusimama, na ada inakatwa yenyewe. Gari limevuka bahari, limepewa nambari ya Kenya, linabeba abiria wa Likoni, na bado linaulizia kadi yake.

Agosti 2025, shule zilipofungwa, familia yetu ilikwenda kuiona nchi hiyo kwa macho. Tulikuwa watano: mimi, Baba Watoto, binti yetu wa miaka 13, mdogo wake wa miaka 8, na mama yangu mzazi, ambaye nyumbani sote tunamwita Bibi. Tokyo, Osaka, Kyoto na Nara, halafu Hiroshima. Pesa za safari tuliziweka kidogo kidogo kwa simu kwa miaka mitatu, kwa hivyo kila yeni ilikuwa na jasho lake.

Swali ambalo wateja hutuuliza sana ni hili: je, pesa zangu za simu zitafanya kazi nikiwa nje? Kwa Japani jibu fupi ni kwamba huwezi kumlipa muuza samaki wa Osaka kwa nambari ya till. Jibu refu lina mambo mengi zaidi, na mengine tuliyajua saa tisa usiku.

Nchi iliyotupa QR na bado inahesabu sarafu

Ile michoro ya miraba midogo unayoipiga picha kwa simu ili ulipe dukani ni ya Kijapani. Msimbo wa QR ulitengenezwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, timu ikiongozwa na mhandisi Masahiro Hara, na kazi yake ya kwanza haikuwa pesa bali kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Mwaka 2004 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ikaanza kuuza simu zenye pochi ndani: unaigusisha simu kwenye kifaa, umelipa. Hiyo ni miaka mitatu kabla M-PESA haijazinduliwa hapa kwetu Machi 2007.

Ukisikia hivyo, utafikiri keshi huko ilishazikwa zamani. Wapi! Kwa hesabu za serikali ya Japani, mwaka 2024 malipo yasiyo ya keshi yalikuwa asilimia 42.8 ya matumizi ya wananchi, na hapo walifurahia kwa sababu lengo lao lilikuwa asilimia 40 kufikia 2025. Maana yake noti na sarafu bado zinatumika sana.

Mimi nadhani sababu si kwamba wamechelewa. Sisi tuliikimbilia pesa ya simu kwa sababu kumtumia mama kijijini elfu mbili kulikuwa shida: unampa dereva wa basi bahasha na unaomba Mungu. Mjapani hakuwa na shida hiyo. Mpaka leo posta yao inauza bahasha maalum ya kutumia keshi ndani ya barua, inarekodiwa, na inafika. ATM ziko kila kona, wezi ni wachache, noti bandia ni nadra. Kitu kikifanya kazi, nani atakiacha?

Tokyo: kadi moja, sarafu mia, kipochi cha kanga

Uwanja wa ndege tulinunua kadi za treni kabla ya kununua hata maji. Ya Tokyo inaitwa Suica, ilianza Novemba 2001, na kuna ya watalii, Welcome Suica, inayofanya kazi siku 28. Haina amana, lakini salio likibaki ndani halirudishwi. Unaijaza kwa keshi kwenye mashine, haipokei zaidi ya yeni 20,000, unaigusisha getini na nauli inakatwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ana kadi yake inayokata nusu nauli. Mvulana wetu alijiona waziri. Kadi hiyohiyo inalipa dukani, kwenye mashine za vinywaji, hata kwenye makabati ya kuwekea mizigo stesheni.

Sisi tulijaribu kadi za matatu mwaka 2014 na tunajua zilivyoishia. Tofauti moja iliyonigusa ni kwamba Wajapani nao walikuwa na kadi nyingi, kila eneo na yake, lakini mwaka 2013 kumi kati yake zilikubaliana kutambuana. Ndiyo sababu kadi ya Tokyo ilitupeleka pia kwenye mabasi ya Kyoto na tramu za Hiroshima. Ila huwezi kuigusisha Tokyo ukateremka Kyoto na kuigusisha tena kwa safari hiyo moja. Treni ya mbali ina tikiti yake.

Hesabu ya bei ilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia. Wakati huo shilingi moja ilipata yeni moja na kidogo. Ukiona yeni 500, unajua ni shilingi mia nne na arobaini hivi. Bibi hakusumbuka hata na hiyo hesabu. Alisoma bei kama shilingi, akapata punguzo kichwani, akaridhika.

Keshi tulitoa kwa kadi ya benki kwenye mashine za duka la 7-Eleven, ambazo zinakubali kadi za kigeni na nyingi ziko wazi usiku kucha. Hapa msomaji ashike jambo moja. Kadi pepe iliyounganishwa na pesa zako za simu ni nzuri kwa kulipia hoteli na tikiti mtandaoni, nasi tuliitumia hivyo. Lakini haina plastiki. Huna cha kuchomeka kwenye ATM, na yule mama wa mgahawa wa viti sita hawezi kuichukua. Kwa hiyo beba pia kadi ya kawaida. Na mashine au muuzaji akikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa yeni, chagua yeni. Ukichagua shilingi, yule mwenye mashine ndiye anayekupangia bei ya kubadilisha, na hapangi kwa faida yako.

Noti mpya zilitoka Julai 2024: ya yeni 10,000 ina sura ya Shibusawa Eiichi, ya 5,000 ina Tsuda Umeko, mwanamke aliyeanzisha chuo cha wasichana, na ya 1,000 ina daktari Kitasato Shibasaburo. Za zamani bado ni halali. Lakini migahawa mingi midogo ina mashine mlangoni: unatia pesa, unabonyeza picha ya chakula, unapata karatasi ya kumpa mpishi. Baadhi ya mashine hizo zilikuwa hazijafunzwa noti mpya. Tulisimama na njaa mbele ya moja iliyokuwa ikitema Kitasato wetu kila alipoingizwa, mpaka mzee mmoja nyuma yetu akatubadilishia kwa noti ya zamani, akainamisha kichwa na kupita.

Adabu ya pesa ina kanuni zake. Humpi muuzaji pesa mkononi. Kuna kisahani kidogo kwenye kaunta, unaweka hapo, anahesabu ukiona, anarudisha chenji kwa mikono miwili. Bakshishi hakuna. Baba Watoto aliacha yeni 200 mezani Ueno, na tulikuwa tumefika kona ya pili tuliposikia miguu inatukimbilia. Ni yule kijana wa mgahawa, jasho linamtoka, anarudisha "pesa mliyosahau".

Halafu kukawa na mambo ya kipochi. Bibi ana kipochi cha sarafu alichokishona mwenyewe kwa kipande cha kanga. Tulipofika Asakusa kwenda kuona hekalu la Senso-ji, akapapasa mkoba, akanyamaza. Kimebaki kwenye kiti cha treni. Ndani kulikuwa na yeni 14,000 na kadi yake ya Suica.

"Basi, kishakwenda," akasema. "Tuendelee na safari."

Binti yetu hakukubali. Akaenda kwa mfanyakazi wa stesheni, akaandika kwenye simu ili itafsiri. Yule bwana akauliza maswali kama ya mahakamani: treni ya saa ngapi, behewa la ngapi, upande gani, rangi gani. Rangi ya kanga ilimchukua muda. Akapiga simu mbili, akachukua nambari ya hoteli. Jioni tukapigiwa: kipochi kimepatikana kituo cha mwisho. Tulipokifuata, waliimwaga pesa yote kwenye trei, wakahesabu sarafu kwa sarafu mbele ya Bibi, wakamwomba atie sahihi. Ilitimia yote mpaka sarafu ya yeni moja, ambayo ni nyepesi kama unyoya na hainunui kitu. Bibi akataka kumpa yule binti wa dirishani elfu moja. Alikataa mara tatu, kwa kuinama kila mara.

Si bahati tu. Mwaka 2023 polisi wa Tokyo walipokea zaidi ya yeni bilioni 4 za keshi zilizookotwa na kuletwa. Na sheria iko: mwenye mali akipatikana, aliyeokota ana haki ya kudai asilimia 5 hadi 20.

Hata hivyo usiitegemee bahati ya Bibi. Kadi ya treni isiyo na jina ni sawa na keshi. Anayeiokota anaweza kuitumia, haina PIN wala nambari ya kupiga ikafungwa. Pesa za simu, ukipoteza simu, bado zimekaa nyuma ya PIN yako. Tokea siku hiyo tulijaza kila kadi yeni 3,000 kwa wakati.

Osaka: mahali ambapo keshi ilikataliwa

Tulisafiri kwa Shinkansen katika msimu wa Obon, siku ambazo Wajapani wanarudi kwao kukumbuka wafu wao, kama sisi Desemba barabara ya Busia. Msimu huo treni za Nozomi, zile za kasi kuliko zote kwenye njia hiyo, hazina viti vya kugombania. Lazima uwe na kiti ulichoandikiwa. Tulikata mapema mtandaoni. Hapo ndipo laini ya nyumbani ilipofanya kazi ya kwanza: benki ilituma msimbo wa uthibitisho kwa SMS kwenye nambari ya Kenya, na ungekuwa umeitoa laini ili kuweka ya kigeni, msimbo ungetua hewani. Simu yangu ilikuwa na laini ya Kenya yenye romingi, na intaneti tulinunua ya eSIM ya huko. Tokyo hadi Osaka ni kilomita 515, saa mbili na nusu. Mvulana alihesabu madaraja mpaka akalala.

Osaka wakati huo ilikuwa na maonyesho ya dunia, Expo 2025, kisiwani Yumeshima. Tiketi zetu watano zilikuwa yeni 28,500: watu wazima 7,500 kila mmoja, binti 4,200, mvulana 1,800. Ukumbi wenyewe ulizungukwa na duara kubwa la mbao ambalo mzunguko wake ni kama kilomita mbili, na tulitembea juu yake jioni upepo wa bahari ukipiga. Lakini kilichonichekesha mimi ni hiki: baada ya wiki nzima ya kuhesabu sarafu, hapo ndani keshi haikukubaliwa kabisa. Kadi, simu au kadi ya treni tu. Mzee mmoja wa Kijapani mbele yetu alitoa pochi nene, akaambiwa hapana, akageuka kutuangalia kama anayetafuta shahidi. Walikuwa na mashine za kununua kadi ya kulipia kabla, na foleni yake ilikuwa ya wazee.

Mjini, kwenye mitaa ya Dotonbori, keshi ikarudi kuwa mfalme. Tulikula takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani, vinavyochoma ulimi. Bibi, mzaliwa wa Pwani, alisema pweza wao hana nazi lakini amejitahidi. Programu za QR za wenyeji kama PayPay ziko kila mahali, ila kujisajili kunataka nambari ya simu ya Kijapani, kwa hiyo tulizitazama tu.

Kyoto: milango elfu na simu ya usiku

Joto la Kyoto mwezi wa nane si mchezo. Mombasa kuna joto, lakini kuna bahari. Kyoto imezungukwa na milima, na hewa inasimama tuli. Mwezi uleule Japani ilivunja rekodi yake, nyuzi 41.8 mjini Isesaki tarehe 5. Tuliishi kwa mashine za barabarani, sarafu moja ya yeni 100 na ndogo kadhaa kwa chupa ya chai ya shayiri iliyo baridi.

Basi la mjini Kyoto utalipenda ukishamzoea kondakta wa matatu. Unapandia mlango wa nyuma, unakaa, unalipa ukishuka mbele: yeni 230 mtu mzima, 120 mtoto. Dereva harudishi chenji. Ukitia sarafu nyingi, umechangia kampuni. Kuna mashine pembeni yake ya kuvunja noti ya 1,000, na unatakiwa uvunje kabla ya kituo chako, si umesimama mlangoni na watu ishirini nyuma yako. Kadi ya treni inakuondolea aibu hiyo.

Fushimi Inari ni mahali ambapo hata asiyependa mahekalu atatembea kimya. Ni milango ya rangi ya chungwa kali, maelfu, imepangwa ikipanda mlima mpaka inakuwa kama handaki. Kuingia ni bure. Ukipanda huoni maandishi; ukigeuka kushuka, unaona kila nguzo imeandikwa jina na tarehe. Inari ni mungu wa mpunga na biashara, na milango hiyo imetolewa na wafanyabiashara na kampuni, kila mmoja na ukubwa wa mfuko wake. Baba Watoto alisema ni harambee, ila hapa orodha ya waliochanga haisomwi kwa kipaza sauti, imesimamishwa msituni.

Nara tulikwenda kwa siku moja. Paa wao wanazurura mjini zaidi ya elfu moja, wanainamisha kichwa kuomba biskuti za yeni 200, na ukichelewa wanakuvuta shati.

Usiku wa tarehe 16 Agosti Kyoto huwasha mioto mitano milimani kuaga roho za wafu zinazorejea baada ya Obon. Wa kwanza huwashwa saa mbili usiku, na ni herufi kubwa yenye maana ya "kubwa". Watu walisimama kandoni mwa mto bila kelele. Bibi aliwasomea wazee wake kwa dini yake, kimoyomoyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Saa tisa usiku simu yangu ikatetemeka. Mombasa ilikuwa saa tatu usiku, kwani Japani wako mbele yetu kwa saa sita. Ujumbe wa SMS, nambari nisiyoijua: ndugu yako amegongwa akiwa kwenye boda, yuko hospitali, wanataka depositi ya 30,000 ndio wamwingize tieta, tuma kwa hii namba haraka.

Mkenya yeyote anaujua ujumbe huu. Ameupokea ukiwa uongo. Na wengine wameupokea ukiwa kweli.

Baba Watoto akasema, "Tuma. Tutauliza baadaye. Elfu thelathini si uhai wa mtu."

Bibi alikuwa ameshaamka. Amekaa kitandani, ni mwanawe anayezungumziwa. Mimi nilitarajia aseme tuma. Akasema, "Ngoja. Mpigie mke wake kwanza."

Nikampigia wifi. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikampigia kaka mwenyewe, simu inaita tu, haishikwi. Huku ile nambari ngeni ikatuma ujumbe wa pili: wanauliza pesa iko wapi. Ndipo Bibi akakumbuka jirani yao wa duka. Jirani akashika: ndiyo, ameona wifi akitoka mbio na shuka, hajui zaidi. Hiyo ilitosha kutuogopesha, haikutosha kutuma.

Tukatafuta nambari ya hospitali iliyotajwa, si ile ya kwenye ujumbe, bali ya kwenye tovuti ya hospitali. Ikapokelewa. Tukaomba idara ya dharura, tukataja jina la mgonjwa. Yupo. Mguu umevunjika mahali pawili. Depositi ni kweli. Tukauliza: mnapokea kwa nambari gani? Wakatupa Paybill, na nambari ya mgonjwa ndiyo ya akaunti.

Nikalipia hapo, kutoka kitanda cha hoteli Kyoto, kwa laini yangu ya Kenya. Kabla ya kuweka PIN jina la hospitali likatokea kwenye skrini, tukalisoma wote watatu kwa sauti. Saa tisa na dakika arobaini na moja ujumbe wa uthibitisho ukaingia. Nikautuma kwa wifi, ambaye simu yake ilikuwa imekwisha chaji na akawa ameazima ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Akatupigia analia, tukalia naye.

Na yule wa nambari ngeni? Hakuwa tapeli. Alikuwa mwendesha boda mwingine aliyempakia kaka yangu barabarani, akamfikisha hospitali, akalipa mwenyewe pesa ya faili, na akataka depositi ipite kwake ili yeye ailipe dirishani haraka. Mtu mwema ameandika ujumbe uleule wanaouandika wezi, neno kwa neno. Asubuhi tulimrudishia pesa ya faili na kumwongezea ya mafuta, kwa nambari ileile. Alijibu, "Asante dada, nilijua mtanishuku."

Mambo matatu yalitusaidia usiku ule na yote yalifanyika kabla ya kupanda ndege. Laini ilikuwa ndani ya simu na romingi imewashwa. Programu ya pesa za simu ilikuwa imeshafunguliwa na kuthibitishwa tukiwa nyumbani. Na pesa ilikuwemo: tulikuwa tumetenga shilingi 50,000 za dharura ambazo hazikuhesabiwa kwenye safari. Kumbuka kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja ni shilingi 250,000 na kwa siku ni 500,000, kwa hivyo dharura kubwa inaweza kutaka watu wawili. Ada za romingi hutofautiana. Ulize mtandao wako kabla hujaondoka.

Hiroshima: benki iliyofunguliwa siku ya pili

Hiroshima tulifika tukiwa wachovu, na labda ndiyo hali inayofaa. Makumbusho ya Amani ni yeni 200 mtu mzima, watoto wetu bure. Binti alisimama muda mrefu kwenye habari za Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka na akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955, miaka 12, akikunja ndege wa karatasi. Mnara wa watoto umejengwa kwa ajili yake na wenzake, na ndege wa karatasi kutoka kote duniani wamejaa hapo. Binti alikunja mmoja kwa risiti ya duka, kwa sababu hatukuwa na karatasi nyingine.

Kisha tukatafuta jengo ambalo vitabu vingi vya watalii hulipita. Ni tawi la zamani la Benki ya Japani, mita 380 tu kutoka chini ya mahali bomu lilipolipuka saa mbili na robo asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Kuta nene za mawe zilibaki. Watu wengi waliokuwa ndani hawakubaki. Tarehe 8 Agosti, siku mbili baadaye, benki ilifungua milango na watu wakaanza kutoa pesa zao. Benki nyingine za mji, ambazo majengo yao yalikuwa yameangamia, zilipewa nafasi kwenye kaunta zake. Siku iliyofuata tramu zikaanza kutembea tena kwenye kipande cha njia, na mbili kati ya zilizonusurika, nambari 651 na 652, bado zipo mjini. Kuingia kwenye jengo hilo ni bure. Kaunta zipo, kasha kubwa la chini lipo, mlango wake wa chuma uko wazi.

Bibi aliuweka mkono juu ya kaunta akauliza, "Siku mbili tu? Na vitabu vya benki vilivyoungua, walijuaje nani ana ngapi?" Mlinzi mzee hakuelewa Kiswahili, lakini aliona mkono, akainama.

Siku ya mwisho tulisikia kaka ametolewa hospitali. Wifi alituma picha ya mguu wenye plasta na picha ya risiti, kwa mpangilio huo.

Sarafu zilizobaki zimalize hukohuko. Maduka ya kubadilisha pesa hapa nyumbani huchukua noti, sarafu hawagusi. Tulikusanya za wote watano uwanja wa ndege, tukalipia vitafunio kwa sarafu, na kilichopungua kikatoka kwenye kadi za treni; muuzaji alihesabu kwa subira ya ajabu. Zikabaki yeni 16. Moja ni ile ya yeni 5 yenye tundu katikati, ambayo jina lake kwa Kijapani linasikika kama neno la uhusiano kati ya watu, ndiyo sababu wao huitoa hekaluni. Bibi ameitia uzi na kuifunga kwenye kipochi cha kanga.